"Ndiyo, daktari" ya Sista Mkubwa

BARUA

Shikamoo mama,

Mimi ni daktari, binti wa miaka 28, huu ni mwaka wa pili tangu niajiriwe. Niko hospitali moja hapa Mbeya, nisingependa itajwe. Tangu Machi nimepangwa EMD, yaani idara ya dharura, na zamu za usiku mimi ndiye kiongozi wa timu. Timu yenyewe ni mimi, daktari tarajali mmoja, wauguzi wawili na mhudumu wa afya mmoja. Kati ya wauguzi yupo mama tunayemwita Sista Mkubwa. Alianza kazi kabla sijazaliwa. Nikiingia zamu namwamkia shikamoo, ananijibu, "Marahaba mwanangu, umekula?" Dakika kumi baadaye natakiwa nimpe amri. Hapo ndipo ninapokwama.

Usiku mmoja wa Julai, baridi ile unayoijua, saa tatu na kitu, mambo yakaja kwa mpigo. Majeruhi watatu wa Noah iliyopinduka kwenye mteremko, mmoja anavuja damu pajani. Nyuma yao mama mmoja ameletwa na bodaboda, kamfunga kwenye kitenge mtoto wa miaka minne mwenye degedege. Ndugu wa majeruhi wakajaa ndani, mmoja anarekodi kwa simu. Mimi nilikuwa nimekandamiza lile paja kwa mikono miwili. Nikageuza shingo, nikaona mtoto bado anakakamaa, nikapaza sauti: "Jamani, huyo mtoto apewe diazepam!"

Sista Mkubwa akaja akasimama karibu yangu, akaanza, "Daktari, huyu mtoto..." Nikamkatisha: "Sista, fanya kwanza ninachosema." Akanyamaza. Daktari tarajali akachoma dawa mshipani. Kumbe Sista alikuwa ameshampa mtoto dawa ileile kwa njia ya haja kubwa alipompokea, kama dakika tatu nyuma. Mtoto akaacha kupumua. Tulimpumulisha kwa ambu, ule mfuko wa kusukumia hewa kwa mkono, zaidi ya nusu saa. Alirudi, akalazwa, siku ya nne akaruhusiwa. Namshukuru Mungu.

Asubuhi kwenye ripoti mganga mfawidhi akauliza ilikuwaje. Sikuwa nimelala, na niliogopa. Nikasema mbele ya watu wote kwamba wauguzi wa EMD hawampi daktari taarifa. Sista Mkubwa alikuwepo. Hakusema kitu.

Tangu siku hiyo haniiti tena mwanangu. Haulizi kama nimekula. Nikiagiza kitu anajibu, "Ndiyo, daktari," na anafanya neno kwa neno kama nilivyosema. Wenzangu wananiambia nimeshinda, sasa ananiheshimu. Mimi roho haitulii. Wengine wananishauri nimwombe metroni amhamishie wodini. Chuoni tulisoma dawa na magonjwa, hakuna aliyetufundisha namna ya kuongoza mtu anayeweza kukuzaa. Nifanyeje nisikilizwe bila kuonekana sina adabu? Na hawa ndugu wanaoingia na simu zao, nifanye nao nini?

Daktari wa zamu ya usiku, Mbeya

JIBU

Marahaba mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote nimekwama palepale: "Daktari, huyu mtoto..." Unauliza ufanyeje usikilizwe. Usiku ule ulisikilizwa vizuri mno. Daktari tarajali alisikia, akatii, akachoma. Ambaye hakusikilizwa ni Sista Mkubwa. Kulipokucha ukawaambia watu kwamba wauguzi hawatoi taarifa, wakati taarifa ililetwa mpaka sikioni kwako na wewe ndiye uliyeikata.

Siandiki haya nikuumize. Nimekesha zamu miaka mingi, Iringa kwanza, halafu hukohuko kwenu, na nina usiku wangu mmoja wawili ambao sijamsimulia mtu. Sisi hatukuwa na EMD. Idara kamili ya kwanza ya tiba ya dharura nchini ilifunguliwa Muhimbili mwaka 2010, mafunzo ya ubingwa wake yakaanza mwaka huohuo, na mabingwa wa kwanza wakahitimu 2013. Yaani fani yenyewe hapa kwetu ni ndogo kwako kwa umri. Majengo ya EMD yamefika mikoani na wilayani haraka kuliko watu waliofundishwa kuyaongoza, na kijana anakabidhiwa zamu kama anavyokabidhiwa funguo za stoo. Hilo halikuwa kosa lako. La asubuhi kwenye ripoti ndilo lako.

Kuhusu hao wanaosema umeshinda, usiwasikilize. Hiyo "Ndiyo, daktari" ndiyo iliyonifanya nikujibu wiki hii badala ya kusubiri. Muuguzi mwenye uzoefu huo anayefanya neno kwa neno ulichosema amekuacha peke yako chumbani. Usiku wa manane, umechoka, ulimi ukiteleza ukasema 50 badala ya 5, nani atakuuliza?

Umewahi kuangalia malori ya Tunduma yanavyorudi nyuma kwenye maegesho ya Mbalizi au Uyole? Dereva ndiye mkubwa, utingo ndiye anayetumwa sigara na chai. Lakini lori likianza kurudi nyuma, utingo ndiye anayeongea: rudi, rudi, kata kulia, rudi. Akipiga bodi kwa kiganja, paa, dereva anakanyaga breki kwanza, maswali baadaye. Sijapata kuona dereva akitoa kichwa dirishani kusema, "Fanya kwanza ninachosema." Anajua nyuma haoni. Sista Mkubwa anisamehe kwa kumfananisha na utingo, lakini usiku ule wewe ulikuwa umeinamia paja la mtu, nyuma yako huoni, na yeye alipiga bodi.

Usidhani ni ugonjwa wetu wa nyanda za juu huu, wala wa watu weusi. Uingereza mwaka 2005, mama mmoja kijana, Elaine Bromiley, aliingia kwa upasuaji mdogo wa kupangwa. Alipopewa usingizi njia ya hewa ikaziba. Madaktari wenye uzoefu wakahangaika kuingiza mpira kooni, muda ukaenda. Muuguzi mmoja alileta vifaa vya kutoboa koo ili apate hewa, akasema viko tayari. Hakuna aliyevichukua. Yule mama alifariki siku kumi na tatu baadaye. Mumewe, Martin Bromiley, alikuwa rubani, na badala ya kutafuta wa kumfunga alitumia miaka akiwaeleza madaktari jinsi marubani wanavyofundishwa kumsikiliza aliye chini yao. Vifaa vilikuwepo na maneno yalitamkwa. Kilichokosekana ni mtu wa kuyapokea.

Sasa tuingie kwenye sentensi yako. "Huyo mtoto apewe diazepam." Apewe na nani? Kiasi gani? Kwa njia ipi? Kiswahili chetu kina adabu ya kumficha mtendaji. Apewe dawa, iletwe oksijeni, ipimwe presha, waitwe maabara. Nyumbani ni jambo zuri. Mama mkwe akisema "chai ingeletwa", mkamwana anajua ni yeye anayeambiwa. Chumba cha dharura hakina mkamwana. Agizo lisilo na mwenyewe ama litachukuliwa na watu wawili, ama halitachukuliwa na mtu, na ukikaa EMD miaka mitano utayaona yote mawili. La pili ni baya zaidi kwa sababu hakuna anayejua kwamba halikufanyika. Adrenalini "imeagizwa", kila mtu anaamini imeingia, na sindano bado iko kwenye trei.

Hebu tuurudie usiku ule kwa maneno mengine. Unamtazama usoni, unamwita.

"Sista Mkubwa, naomba umpe mtoto diazepam miligramu tano, mshipani."

"Diazepam miligramu tano mshipani? Daktari, nilishampa kwa njia ya haja kubwa, saa tatu na dakika kumi."

"Asante. Basi tusubiri. Ikifika saa tatu na ishirini kama bado anakakamaa, uniambie."

"Saa tatu na ishirini nikwambie."

Basi, hayo tu, hayamalizi hata dakika. Unaona kilichomwokoa mtoto hapo? Kule kurudia agizo kabla ya kulifanya. Anayetumwa akirudia, ndipo penye nafasi ya "lakini". Na dawa ikishaingia, aliyeichoma aseme kwa sauti kwamba imeingia na ni saa ngapi, mwingine aandike, hata kama ni kwa kalamu kwenye plasta iliyobandikwa kitandani. Umeona pia nimeandika "naomba". Lisikutie hofu. Neno naomba halijawahi kupunguza nguvu ya agizo. Kinachoipunguza ni kukosa jina, kiasi na njia. Ukiwa na hayo matatu unaweza kumwamuru mtu aliyemzaa mama yako na asione umemvunjia heshima.

Kuhusu shikamoo, endelea nayo. Ila jifunze kutoka msibani. Kwenye misiba yetu huku mwenye daftari la kamati anaweza kuwa kijana wa miaka thelathini, na wazee wanapangwa naye: baba mdogo shughulikia jeneza, mjomba na watu wa mbali. Hakuna mzee anayeona ametukanwa, kwa sababu jana yake jioni kijana alitajwa mbele ya watu kwamba ndiye atakayesimamia. Wewe kiongozi wa zamu ulitajwa lini mbele ya timu? Nina hakika jina lako liliandikwa tu kwenye ratiba ya ukutani. Kila mwanzo wa zamu, dakika tatu, simameni pamoja. Wewe nani, utafanya nini akija mgonjwa mahututi. Nani hewa, nani mishipa, nani dawa, nani anaandika. Sema kwa kinywa chako kwamba usiku huu unaongoza wewe, na kwamba mtu yeyote, mhudumu akiwemo, akiona kitu hakiendi sawa aseme "daktari, simama", na mikono yote itasimama. Chagueni neno lenu. Likishasemwa, hata kama lilisemwa bila sababu, mshukuru aliyelisema. Ukimkaripia mara moja tu hutalisikia tena.

Hizo dakika tatu si urasimu. Orodha ya usalama wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani, ile inayotaka kila mtu ataje jina na kazi yake kabla ya kisu, ilijaribiwa mwaka 2007 na 2008 kwenye hospitali nane duniani. Moja ilikuwa hapo Ifakara, chini tu ya milima ya Udzungwa. Matokeo yalitoka 2009: kwa hospitali zote nane pamoja, vifo baada ya upasuaji vilishuka kutoka 1.5% hadi 0.8%. Orodha ina mambo mengi, siwezi kukudanganya kwamba ni kutajana majina peke yake kulikofanya hivyo. Lakini hao mara nyingi walikuwa wanasubiri mgonjwa wa kupangwa, wenye muda wa kutosha, na bado walihitaji kuambizana nani ni nani. Sembuse ninyi.

Na paja lile. Kukandamiza jeraha linalovuja hakuhitaji shahada, mwanangu. Mhudumu angeweza, hata yule ndugu mwenye simu angepewa glavu akafanya kazi badala ya kurekodi. Kiongozi akishaingiza mikono anaona sentimita ishirini mbele yake, basi. Simama miguuni pa kitanda uwaone wote. Najua timu yako ni ya watu watano na kuna saa lazima uchome, uingize mpira, ufunge. Saa hiyo kabidhi uongozi kwa kutamka: "Sista, shika usukani, mimi naingiza mpira." Ukimaliza uuchukue tena kwa kutamka. Vitanda viwili vikiwaka kwa pamoja, kila kimoja kiwe na kiongozi wake. Mtoto wa degedege yule alikuwa wa Sista Mkubwa. Alishampokea, alishaanza, dawa aliitoa kwa njia sahihi. Kazi yako ilikuwa kumwambia "huyo ni wako, ukinihitaji niite", ukabaki na majeruhi wako.

(Na sukari ya mtoto ilipimwa na nani? Barua haisemi. Mtoto wa degedege hapimwi malaria tu.)

Sasa radhi. Umemshtaki mbele za watu, kwa hiyo utamwomba radhi mbele za watu, kwenye ripoti ileile ya asubuhi, mganga mfawidhi akiwepo. Lakini usianzie hapo. Anza naye peke yake, usimshtukize. Usitume ujumbe wa WhatsApp, na usimtume metroni. Subiri mmalize zamu, mtafute kabla hajapanda daladala, au kama mnasali jirani nenda kwake Jumapili mchana. Sema ulichofanya: nilikukatisha, mtoto akaumia, kisha nikakusingizia. Usiweke "lakini" popote. Usitaje uchovu, naye alikuwa amechoka, na magoti yake ni ya zamani kuliko yako. Anaweza kukujibu "yameisha, daktari" na bado yasiwe yameisha. Hayo ndiyo malipo yenyewe, yavumilie. Wazo la kumhamishia wodini litupe. Ungekuwa unamhamisha mtu pekee aliyekuambia ukweli usiku ule.

Kuna mtu wa tatu ambaye barua yako imempita. Yule mama wa kitenge. Alikuwa wapi wakati mnamgandamizia mwanawe ambu zaidi ya nusu saa? Aliambiwa nini? Ninaogopa aliambiwa "mtoto alizidiwa". Zungumza na mganga mfawidhi, muiteni, mkae naye chumba chenye mlango, mumweleze kwa Kiswahili cha kawaida kwamba mtoto alipewa dawa mara mbili kwa kukosa mawasiliano kati yenu, ikampunguzia pumzi, mkampumulisha mpaka ikarudi, na kwamba mnabadilisha nini. Atalia, pengine atakasirika. Wazazi niliowaambia ukweli walinikasirikia usoni, tukaendelea kusalimiana sokoni Mwanjelwa. Waliokuja kujua kwa watu wengine ndio walionikatia salamu.

Ndugu wenye simu ni jambo jepesi kuliko unavyodhani. Watu hujaa ndani kwa sababu nje hakuna anayewaambia kitu. Mhudumu akishafungua mlango aulize, msemaji wa familia ni nani? Kila ukoo wa huku unaye, baba mkubwa au shangazi fulani, na atajitokeza. Huyo mmoja asimame mlangoni, kila robo saa apewe taarifa hata kama taarifa ni "bado tunahangaika naye", na wengine wote atawatuliza yeye kuliko mlinzi yeyote. Mgonjwa akifariki, wewe mwenyewe nenda, keti, mwambie "amefariki". Usiseme "hatunaye" wala "tumempoteza". Nimeshaona mtu akiuliza, "Mmempoteza, yuko wapi?"

Mkishamaliza tukio zito, kabla hamjatawanyika, simameni tena dakika tano na chai zenu. Nini kimekwenda vizuri, nini tungefanya vingine. Wewe uwe wa kwanza kutaja kosa lako. Mdogo kwa cheo aongee kabla ya mkubwa, maana mkubwa akishaongea wengine huitikia tu.

Zamu yako ijayo, kabla wagonjwa hawajaanza kuingia, muulize Sista Mkubwa angependa kushika kitanda kipi. Akikujibu, "Popote utakaponipanga, daktari," usikasirike. Mpange. Zamu inayofuata muulize tena.